Meza ya vitambaa si ya kuandikia

Karibu kila sebule ya Machakos, iwe ya nyumba ya matofali kule Kathiani au ya chumba cha kupanga Mlolongo, ina meza moja fupi katikati ya viti. Imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pana maua ya plastiki, rimoti na chaja ya simu. Ni meza ya wageni; hapo ndipo chai huwekwa. Jioni, mtoto wa Gredi ya 4 akitoa daftari mkobani, hapo ndipo naye anapoelekea. Anasukuma kitambaa pembeni kwa kiwiko, anapiga magoti sakafuni na kuinama mpaka pua inakaribia karatasi. Baada ya dakika kumi magoti yanauma, anahamia kisigino kimoja. Baada ya dakika kumi nyingine amelala kifudifudi kwenye kochi, daftari liko juu ya mto, na herufi zilizoanza zikiwa wima sasa zinaegemeana. Mzazi akija kulikagua anasema mtoto huyu ana mwandiko mbaya.

Mwandiko wake hauna kosa. Meza hiyo ina kimo cha sentimita 45 hivi. Meza ya kulia chakula, kwa walio nayo, hufika 75. Mtoto wa kati ya mita 1.2 na 1.4, na hapo wamo wengi wa madarasa ya kati ya shule ya msingi, anahitaji meza ya sentimita 59 na kiti cha sentimita 35, kwa vipimo ambavyo nchi za Ulaya hutumia kutengenezea madawati ya shule. Nyumba zetu basi zina meza fupi mno na meza ndefu mno, zote za watu wazima, na mtoto hana yake.

Asiye na tepu ya kupimia anaweza kumpima mtoto kwa mwili wake mwenyewe. Mketishe, nyayo zote mbili ziguse chini, mgongo uegemee, mikono ining'inie kisha aikunje. Pale kiwiko kinapofika ndipo uso wa meza unapotakiwa kuwa, au juu yake kidogo. Kama iliyopo ni meza ya kulia tu, mwinue mtoto kwa blanketi lililokunjwa vizuri juu ya kiti, kisha umtilie kreti ya soda chini ya miguu. Hiyo kreti wengi huisahau, nayo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtoto ambaye miguu inaelea hawezi kutulia; atajipinda, atakalia mguu mmoja, atateleza mbele ya kiti, na mzazi atamkemea kwa utundu ambao si wake.

Mafundi hawakosekani. Kaunti hii ndiyo yenye Wamunyu, ambako Mutisya Munge alirudi na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na vinyago vya Wakamba vikatoka hapo vikaenda duniani kote. Lakini pita kwa maseremala wa kando ya barabara yoyote mjini, utaona makochi, vitanda, kabati za televisheni na meza za vioo. Meza ya mtoto huioni mpaka uiagize. Iagize. Nenda na mtoto mwenyewe, fundi ampime pale pale kama fundi cherehani anavyopima sare. Mwambie fundi aache miguu iwe mirefu kidogo na akate kwa kipimo cha leo, halafu akupe vile vipande alivyokata. Mtoto akirefuka, vipande vinapigiliwa tena chini. Meza moja ya mbao za saipresi, isiyo na droo wala mapambo, itamtoa mtoto Gredi ya 3 hadi ya 9.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoanza katika shule za msingi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, uliozinduliwa 1985, watoto wengi waliomaliza darasa la nane walifungasha sanduku wakaenda bweni. Meza, taa na saa ya kusoma vikawa mzigo wa shule, na kengele ya prepu ikapigwa na mtu mwingine. Leo Gredi ya 9, ambayo kwa hesabu ya miaka ni kidato cha kwanza cha zamani, iko katika shule ile ile ya karibu na nyumbani. Kundi la kwanza lilifika Gredi ya 9 mwaka wa 2025 na kuufanya mtihani wa KJSEA mwaka huo huo. Kijana wa miaka 14 au 15, mwenye miguu mirefu kuliko ya baba yake, anarudi kila jioni na masomo yenye uzito wa sekondari, na anaikuta meza ile ile ya vitambaa.

Wapo wazazi ambao jibu lao ni bweni, hata kwa mtoto wa Gredi ya 4. Ninawaelewa. Mama anayefunga kibanda saa mbili usiku anajua kwamba nyumba yake haiwezi kumpa mtoto kile anachoambiwa shule itampa. Lakini mwishoni mwa 2022 Katibu wa Elimu ya Msingi, Belio Kipsang, alitangaza kwamba mabweni ya Gredi ya 1 hadi ya 9 yangefungwa, na ingawa tangazo hilo halikutekelezwa kama lilivyotolewa, lilionyesha serikali inaelekea wapi. Mtoto huyu atakuwa nyumbani. Tumpangie.

Na mpango wenyewe, kwa maoni yangu, hauanzi na mbao. Unaanza na saa. Nyumba inaweza kuwa na meza nzuri ya kupimwa na fundi, lakini kama kila jioni meza hiyo inapambana na televisheni, karai la vyombo na wageni, hakuna atakayeandika juu yake. Na nyumba isiyo na meza kabisa, ambayo wakubwa wake wamekubaliana kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani watoto wanaandika, tayari ina mahali pa kusomea. Zilizobaki ni mbao tu.

Tuitazame jioni yenyewe. Mtoto wa shule ya kutwa hufika nyumbani kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja, kutegemea darasa lake na umbali. Machakos iko kama digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Saa moja ni taarifa ya habari kwa Kiswahili, na baada ya taarifa huja vipindi vinavyowakusanya watu wa nyumba nzima sebuleni. Kati ya kuvua sare na ile sauti ya taarifa, mtoto ana saa mbili au tatu. Ndani yake kuna jerikeni la lita ishirini, kuna mbuzi wa kufungua na kufunga, kuna mdogo wa kubeba, na kuna mchezo.

Mchezo usiguswe. Watafiti wa Guangzhou, China, katika utafiti uliochapishwa 2015, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, kwa miaka mitatu. Miongoni mwao waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama asilimia 30, na kwa wenzao ambao hawakuongezewa muda huo walikuwa karibu asilimia 40. Macho ya mtoto yanahitaji mwanga wa nje na vitu vya mbali vya kutazama. Kwa hiyo mtoto anayekimbia na mpira wa makaratasi hadi saa kumi na moja hajapoteza muda wa masomo. Ameyapumzisha macho yaliyokodolea ubao tangu asubuhi.

Mimi ningeikata hivi: saa kumi na moja mchezo unaisha, mtoto ananawa, anapewa kitu cha kuweka tumboni, hata kama ni uji au githeri iliyobaki mchana, kisha saa kumi na moja na nusu anakaa kuandika mchana ungali mchana. Uani chini ya mwembe ni mahali pazuri kuliko sebule nyingi, ila miezi ya Juni hadi Agosti, vilima vya Iveti na Mua vinapofunikwa na ukungu na baridi, mtoto aingie ndani karibu na dirisha. Taarifa ya saa moja ikianza, daftari limefungwa. Familia haikunyimwa televisheni yake.

Hapa kuna jambo ambalo sitaki lipite. Katika nyumba nyingi, saa hiyo ya kuandika inaheshimiwa kwa mvulana. Dada yake wa umri ule ule yuko mtoni na jerikeni, au anamenya viazi, na anapokuja kushika kalamu ni saa tatu usiku, macho mazito, taa imeshapelekwa chumba kingine. Asubuhi mwalimu anamwadhibu kwa kazi isiyokamilika. Saa ya kuandika iwe ya watoto wote wa nyumba, na kama kazi za jioni ni nyingi, zigawanywe kabla yake au baada yake, kwa wavulana pia. Mvulana wa Gredi ya 5 anaweza kuteka maji. Anaweza kuosha sufuria.

Kuna nyumba ambazo mchana hautoshi, hasa kwa hao wa Gredi ya 7 hadi ya 9, na hapo tunafika kwenye taa. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981 katika mto Tana, mpakani mwa kaunti hii, na kituo chake kinaweza kuzalisha megawati 40. Wapo watoto wa Masinga waliosoma kwa koroboi huku umeme wa mto wao ukienda kuwasha miji ya mbali. Mradi wa kusambaza stima vijijini ulioanza 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na ukazifikia nyumba nyingi, lakini si zote, na nyumba yenye mita si lazima iwe na tokeni.

Kwa mwenye stima, nimhesabie ili asiogope. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa mbili kila usiku kwa siku thelathini inakula wati-saa 540, yaani kama nusu ya yuniti moja. Nusu ya yuniti kwa mwezi mzima. Mzazi anayezima taa ya mtoto ili kuokoa tokeni na kuacha televisheni ikizungumza peke yake anaokoa mahali pasipo na kitu. Shida kubwa zaidi ni pale balbu inaponing'inia: katikati ya dari, nyuma ya mgongo wa mtoto, kiasi kwamba kichwa chake kinatia kivuli juu ya daftari. Igeuze meza badala ya kuihamisha balbu. Mwanga utoke mbele kidogo na upande wa kushoto kwa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, na upande wa kulia kwa mwenye shoto, ili mkono usifunike herufi inayoandikwa.

Kwa asiye na stima, taa ndogo ya sola imeshinda koroboi kwa kila kipimo: haina moshi wa kuvutwa, haimwagi mafuta taa juu ya kitabu, haiwezi kuchoma neti. Lakini taa hiyo ina wenyewe wengi. Baba anaitaka zizini, mama anaitaka jikoni, na simu zote za nyumbani zinachajiwa hapo hapo. Kama ni moja, kuanzia jua linapozama hadi saa mbili iwe ya daftari. Na mtu mmoja, kwa jina, apewe jukumu la kuianika kila asubuhi kwenye jua na kuiingiza kabla ya mvua.

Mlolongo, Athi River na Syokimau zina mambo tofauti. Huko stima ipo, lakini nyumba nyingi ni chumba kimoja chenye kitanda, jiko, kochi na pazia linalogawa. Mzazi anafanya kazi kiwandani katika eneo la EPZ au anapanda matatu kwenda Nairobi na kurudi kwenye msongamano. Landilodi hataki misumari ukutani. Hapo usimwotee mtoto chumba chake, tafuta ubao. Ubao laini wa futi mbili kwa futi moja na nusu, uliopigwa msasa, unaweza kulazwa juu ya stuli mbili za kimo kinachofaa, au mapajani mwa mtoto aliyeketi kwa kuegemea ukuta, na baada ya kazi ukasimamishwa nyuma ya mlango. Kando yake kopo la Kimbo lililooshwa, ndani yake penseli mbili, kichongeo, kifutio, rula na kalamu za rangi. Vitu hivyo visitoke kwenye kopo kwenda kufanya kazi nyingine. Mtoto anayetafuta kichongeo chini ya kitanda kwa dakika kumi hatarudi na akili ile ile aliyoondoka nayo.

Simu ni tatizo la peke yake. Walimu wengine hutuma kazi kwa WhatsApp, kwenye simu ya mzazi ambaye yuko kazini hadi usiku. Mtoto anaisubiri simu hadi saa mbili na nusu, na ikifika inakuja na video za vichekesho. Mwombe mwalimu, kwa heshima, kazi iandikwe ubaoni na kunakiliwa daftarini kabla ya kengele ya mwisho. Ni ombi dogo, na linampunguzia mtoto saa tatu za kungoja.

Na mwalimu aulizwe pia kuhusu kiasi. Mtaala wa umilisi uliingia madarasa ya chini 2019 ukimtaka mzazi awe mshirika, na wengi tuliitikia kwa moyo mweupe. Kufikia Septemba 2021, wakili Esther Ang'awa alipoupeleka Mahakama Kuu, malalamiko ya wazazi yalikuwa yamejaa mitaani: picha za kuchapishwa saa tatu usiku, vifaa vya kununuliwa kesho yake asubuhi, kazi ambayo ni wazi mtoto hakuweza kuifanya bila mtu mzima. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambaye amechambua tafiti za kazi za nyumbani kwa miaka mingi, ameona kwamba manufaa yake kwa watoto wadogo ni machache kuliko kwa wale wa madarasa ya juu, na kanuni anayoitaja ni dakika kumi kwa kila darasa kwa siku. Kwa kipimo hicho Gredi ya 3 ni dakika 30, Gredi ya 6 ni saa moja. Mtoto wa Gredi ya 2 anayelia juu ya daftari saa tatu usiku hapaswi kuongezewa taa. Anapaswa kulala, na mzazi aandike barua fupi kwa mwalimu.

Wazazi wengi hunung'unika, "Mimi nitamsaidiaje, niliishia darasa la sita?" Bibi anayelea wajukuu huko Mwala anauliza lile lile kwa Kikamba. Kumfanyia mtoto kazi hakutakiwi na mtu yeyote. Kinachotakiwa ni mtu mzima aketi karibu, akiwa na kazi yake mwenyewe ya mikono, kuchambua pojo au kusuka kiondo, bila simu. Amwambie mtoto asome kwa sauti. Amuulize, "Hapo wanasema nini?" Mtoto akishindwa kueleza, anajijua hajaelewa, na anarudi kusoma. Katika Gredi ya 1 hadi ya 3 lugha ya nyumbani ni somo rasmi, na hapo susu, yaani bibi, ni mwalimu kuliko wengi wenye vyeti: anajua majina ya mimea, methali, vitendawili, na jinsi neno linavyotamkwa.

Tulishafanya haya kwa lazima. Shule zilifungwa kwa ajili ya korona kati ya Machi 2020 na kurudi kwa watoto wote Januari 2021, na masomo yakaja kwa redio na televisheni. Nyumba iliyofaulu wakati ule ilikuwa ile iliyokuwa na mtu wa kusema "sasa ni saa ya kusoma" na kuzima kila kitu kingine. Mwenye redio kubwa na mwenye redio ya tochi walitofautiana kidogo kuliko tulivyotarajia. Nasikitika kwamba milango ya shule ilipofunguliwa, nyumba nyingi ziliirudisha saa ile kwa televisheni.

Kwa nyumba ambazo kweli haziwezi, Ukambani kuna mwethya, kazi ya pamoja ya majirani. Milima ya Machakos iliyokuwa imechunwa na mmomonyoko katika miaka ya 1930 ilikuja kuvikwa matuta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na makundi ya mwethya, wanawake wakiwa wengi, wakihama kutoka shamba la huyu hadi la yule. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoichunguza wilaya hii na kuchapisha kitabu chao 1994, walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa na udongo ulikuwa umetulia. Kwa mtindo ule ule wa harambee madarasa mengi ya kaunti hii yalijengwa. Sioni kwa nini nyumba tano zinazopakana zisiweze kuwasha taa moja.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Nyumba yenye stima na meza ndefu inafungua sebule Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu. Nyumba nyingine zinachangia tokeni kwa M-Pesa, shilingi chache kila wiki. Kila siku mtu mzima mmoja anakaa na watoto kwa zamu, na anayejua hesabu asikalie Kiingereza. Wa Gredi ya 8 anamsikiliza wa Gredi ya 3 akisoma, jambo linalomfaa hata yeye mwenye kusikiliza. Kila mtoto aje na kopo lake. Wenye umri wa chini ya miaka saba wabaki kwao. Lililo gumu ni usiku, kwa sababu hakuna mzazi atakayekubali binti yake atembee peke yake kwenye giza, wala asikubali, kwa hiyo lazima iandikwe ni nani anawarudisha watoto, siku gani, hadi mlango wa nani. Chama kinachokutana Jumapili baada ya kanisa kinaweza kuanza na hilo kabla ya kufungua kitabu cha michango.